Ugumu wa GMAT hauko pale tunapoutafuta

Muulize yeyote aliyetoka kufanya mtihani wa GMAT, ule unaotumiwa na vyuo vya biashara vya ng'ambo kuwachuja waombaji wa shahada ya uzamili, naye atakujibu kwa neno moja: mgumu. Aliyepata alama za kumfungulia mlango wa chuo chochote atasema hivyo, na aliyepata alama hafifu atasema vivyo hivyo. Kauli hiyo haitufunzi lolote, maana mtihani wenyewe umeundwa makusudi uwe mgumu kwa kila mtu kwa kadiri yake. Lililo na faida kwa kijana wa Kenya anayetaka kuufanya ni kujua ugumu huo umejificha wapi. Nami nadai kwamba wengi wetu tunautafuta mahali ambapo haupo.

Mtihani huu ulianza kutolewa nchini Marekani mwaka 1954, ukapewa jina la GMAT mwaka 1976, na mwaka 1997 ukaanza kufanywa kwa kompyuta. Umebadilishwa mara kadhaa tangu hapo, lakini badiliko kubwa kuliko yote ni lile la Novemba 2023, ulipoletwa mtindo mpya. Mtindo wa zamani ulizikwa mwishoni mwa Januari 2024. Sasa mtahiniwa hujibu maswali 64 kwa muda wa saa mbili na robo. Sehemu ni tatu, kila moja dakika 45: Hisabati yenye maswali 21, Lugha yenye maswali 23, na Uchambuzi wa Takwimu yenye maswali 20. Insha imeondolewa. Jometri imeondolewa. Maswali ya kusahihisha sarufi ya Kiingereza, ambayo yaliwatoa jasho wengi, nayo yameondolewa. Kikokotoo kinaruhusiwa katika sehemu ya takwimu peke yake. Katika Hisabati mtu hutegemea kichwa chake na ubao mdogo wa kuandikia.

Hebu sasa tuyatazame hayo kwa jicho la mtu aliyelelewa na mitihani yetu. Katika karatasi ya Hisabati ya KCSE, mwanafunzi hujibu maswali 16 ya sehemu ya kwanza, kisha huchagua matano kati ya manane ya sehemu ya pili. Jumla ni maswali 21, na muda wake ni saa mbili na nusu. Katika GMAT maswali ni 21 pia, lakini muda ni dakika 45. Najua kwamba maswali ya sehemu ya pili ya KCSE ni marefu, na sisemi kwamba mizani hii ni sawasawa. Ninachotaka msomaji akione ni mazoea tunayoyabeba kutoka shuleni. Kule mwanafunzi husoma karatasi nzima, huchagua analoliweza, huonyesha hatua zake, na hata akikosea jibu la mwisho hupewa alama za njia. Katika GMAT hakuna kuchagua, hakuna alama za njia, na kila swali lina dakika mbili na sekunde chache tu.

Hisabati yenyewe si ya kutisha. Ni asilimia, uwiano, wastani, namba tasa, masalio ya kugawanya, na aljebra ambayo haivuki kidato cha nne. Mhasibu au mhandisi aliyehitimu chuo kikuu hawezi kukutana humo na kanuni asiyoijua. Na hapo ndipo mtego ulipotegwa. Kwa kuwa anaijua, huliandama swali moja kwa dakika tano, akiona aibu kushindwa na jambo la kidato cha pili. Dakika hizo tano amewaibia wenzake wawili walio mbele, ambao pengine ni rahisi zaidi. Mwisho wa sehemu anakuta maswali manne hayajaguswa, na mtihani huu humwadhibu vikali anayeacha maswali bila majibu. Kwa maoni yangu ujuzi wa kwanza unaopimwa ni ule wa kukubali hasara ndogo mapema, kabla haijawa kubwa. Shule zetu hazifundishi hilo. Zinafundisha kinyume chake.

Yapo pia yale mambo ya kompyuta kumpima mtu huku akiendelea. Ukijibu vyema, swali linalofuata huelekea kuwa gumu zaidi, ukikosea, hulegezwa. Ni kama mwuza nguo wa Gikomba anayekusoma uso: ukikubali bei ya kwanza upesi, ya pili atakupandishia. Ndiyo maana hodari hutoka akiwa amechoka kama asiye hodari. Ndiyo maana pia idadi ya maswali uliyokosa haisemi mengi peke yake, kwa kuwa aliyekosa sita kati ya magumu hawezi kulinganishwa na aliyekosa sita kati ya mepesi. Kuna uvumi uliozagaa kwamba maswali kumi ya kwanza ndiyo yanayoamua kila kitu. Uvumi huo umewaponza wengi, kwani huwafanya watumie nusu saa juu ya kumi hayo na kukimbia kama wanaofukuzwa katika yaliyosalia. Mtindo mpya umeongeza hisani moja: mtahiniwa akimaliza sehemu kabla ya muda anaweza kurudi nyuma na kubadilisha majibu yasiyozidi matatu. Ni hisani yenye faida kwa aliyehifadhi dakika zake tu.

Swali linalowaangusha watu wetu kuliko yote, kwa nilivyoona, ni lile la kuamua kama maelezo yanatosha. Tuseme tunaulizwa: mama mwuza nyanya alipata faida ya asilimia ngapi? Maelezo ya kwanza yanasema alinunua kreti kwa shilingi 4,000. Ya pili yanasema aliuza kreti hilo kwa bei iliyozidi ile ya kununulia kwa robo. Mtahiniwa hatakiwi kutoa faida. Anatakiwa aseme ni maelezo gani yanayotosha kuipata. Kijana aliyezoea kukokotoa atachukua shilingi 4,000, aongeze 1,000, apate asilimia 25, kisha aandike kwamba maelezo yote mawili yanahitajika. Amekosa. Maelezo ya pili yanatosha peke yake. Robo ni robo, iwe kreti lilinunuliwa kwa shilingi mia au elfu. Zile shilingi 4,000 zilikuwa chambo. Katika biashara, kujua ni taarifa gani huihitaji ni sehemu ya kazi, na kwa hili nawasifu watungaji.

Sehemu ya Lugha siku hizi ina mambo mawili: ufahamu na mantiki ya hoja. Mathalani mtu anaambiwa kwamba kampuni ya mabasi ilipandisha nauli, abiria wakapungua mwezi huo, kwa hivyo nauli ndiyo iliyowafukuza. Kisha anaulizwa ni jambo gani likiwa kweli litaidhoofisha hoja hiyo. Jibu linaweza kuwa kwamba mwezi huo shule zilifungwa na wanafunzi walikuwa nyumbani. Hapa hakuna msamiati wa kumeza wala kanuni ya kukariri. Wapo waliolalamika kwamba kuondolewa kwa sarufi kumeurahisisha mtihani. Mimi naona kumeuondolea dhuluma. Mtu anayefikiri kwa Kikamba, akafanya biashara kwa Kiswahili na kuandika ripoti kwa Kiingereza hakustahili kupoteza nafasi ya chuo kwa sababu ya kihusishi kimoja. Insha ndiyo ninayoisikitikia, kwa kuwa meneja asiyeweza kuandika ukurasa mmoja ulionyooka ni mzigo kwa kampuni yoyote.

Huku mtihani ukiwa umebadilika hivyo, vibanda vya vitabu vikuukuu katikati ya Nairobi bado huuza vile vinene vya mtindo wa zamani, vyenye sura nzima za pembetatu na duara na kurasa mia za sarufi. Wapo na wakufunzi wanaotoza maelfu ya shilingi kufundisha yaliyofutwa. Hata alama zenyewe zimebadilika. Zamani zilikuwa kati ya 200 na 800. Sasa ni kati ya 205 na 805, na kila alama huishia kwa tano ili isichanganywe na ya zamani. Mzazi akisikia 645 huenda akanuna, asijue kwamba kwa nafasi miongoni mwa watahiniwa inakaribiana na 700 ya mtindo wa kale, ambayo ilikuwa fahari ya ukoo. Ada ya mtihani huzidi dola 200 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi 25,000 za kwetu. Mwenye kujaribu mara tatu kwa kuwa alijitayarisha kwa kitabu kibaya amelipa karo ya muhula mahali fulani.

Hatari nyingine ni ushauri wa kuazima. Vijana wetu hufuata sana mafunzo kutoka India, ambako vyuo vya usimamizi vya IIM huchagua wanafunzi kwa mtihani wao uitwao CAT. Ni mafunzo mazuri, ila mtihani ni mwingine. CAT hufanyika mara moja kwa mwaka, na umbo lake hugeuka: mwaka 2019 ulikuwa na maswali 100 kwa dakika 180, mwaka 2020 maswali 76 kwa dakika 120, na mwaka 2021 maswali 66. Jibu sahihi hupewa alama tatu, na la kuchagua likikosewa hukatwa alama moja. Kule mwenye busara huliacha swali asilolijua. Katika GMAT busara hiyo hiyo ni sumu, kwani kukisia ni bora kuliko kuacha wazi.

Sidai kwamba mtihani wa dakika 135 unaweza kumtambua mfanyabiashara. Wako watu Eastleigh na Kongowea ambao wangepata alama za chini kabisa na bado wangeweza kuwafunza biashara wahadhiri wa chuo chochote. Tangu janga la korona la mwaka 2020, vyuo vingi vya Marekani vimekuwa vikiwasamehe baadhi ya waombaji mtihani huu, na sijasikia kwamba vimeporomoka. Hata hivyo, kwa anayeomba ufadhili kutoka huku kwetu, akiwa na shahada ya chuo ambacho msomaji wa fomu huko London au Chicago hajapata kukisikia, alama nzuri ndiyo barua ya utambulisho isiyohitaji mjomba. Kwa hivyo maskini ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuujua undani wake.

Wenye mtihani hutoa bure majaribio mawili kamili kwa kompyuta, yanayofanana na mtihani halisi kwa muda na kwa namna ya kupima. Maktaba za vyuo vikuu vyetu vya umma zina kompyuta. Kinachokosekana ni msimamizi wa kutenga chumba kimoja kila Jumamosi, saa mbili na robo, na kuwaonya watakaoingia kwamba saa ikifika hawataongezwa hata dakika moja. Jaribio la kwanza lifanywe kabla ya kununua kitabu chochote, na la pili majuma mawili kabla ya kulipa ada.