Tutangulize Kazi Kabla ya Msamaha wa Kodi

Kila kinapofanyika kikao cha kuzungumzia uwekezaji katika mkoa huu wa Rukwa, hakosekani mjumbe wa kusimama na kuuliza ni lini na sisi tutapata makampuni ya teknolojia mpya, hususan haya yanayorusha ndege zisizo na rubani, ambazo vijana huziita droni. Swali hilo ni la haki kabisa. Kasoro imo katika majibu. Aghalabu hutajwa msamaha wa kodi, kiwanja cha bure na hoteli nzuri ya kumpokea mgeni. Mwandishi wa makala haya amekaa katika vikao vya namna hiyo kwa miaka mingi, wala hajapata kusikia mtu akiuliza: droni hiyo ikifika Sumbawanga itabeba nini, itakipeleka wapi, na nani atalipa?

Tutazame wenzetu wa Rwanda. Mwezi Oktoba 2016 kampuni ya Zipline kutoka Marekani ilianza kurusha ndege zake Muhanga, ikipeleka damu katika hospitali za magharibi mwa nchi hiyo. Haikwenda kule kwa sababu ya uzuri wa vilima. Serikali ya Rwanda ilikuwa imekwisha kuamua kwamba mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua hatasubiri gari lipande mlima na kushuka bondeni, na ikakubali kulipia kila safari ya ndege. Kampuni ikajua kazi yake na mnunuzi wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba baada ya miezi 12 damu iliyokuwa ikiharibika hospitalini kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67, maana hospitali haikulazimika tena kuweka akiba kubwa kwa hofu ya barabara.

Hapa kwetu historia ni ya namna nyingine. Mwezi Agosti 2017 ilitangazwa kwamba Wizara ya Afya ingeshirikiana na kampuni hiyohiyo kuhudumia zaidi ya vituo 1,000 vya afya, kuanzia Dodoma, mapema mwaka 2018. Mwaka ule ukapita bila ndege hizo kuruka. Mwaka huohuo wa 2018, kwa muda wa miezi 6, mradi wa majaribio wa DHL, Wingcopter na shirika la Ujerumani la GIZ ulipeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, umbali wa kilomita 60, kwa dakika 40, ambapo safari ya nchi kavu huchukua saa 6. Ndege iliweza, na marubani waliokaa chini wakiiongoza waliweza. Lakini jaribio lina siku yake ya kwisha, na kampuni haijengi karakana mahali ambapo hakuna mtu aliyetia saini ya kununua huduma yake mwaka ujao.

Sasa na tuitazame Ufipa. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki nchi inakatika ghafla na kuteremka takriban mita 1,000 hadi bonde la Ziwa Rukwa, walipo ndugu zetu wa Muze, Mtowisa na Ilemba. Upande wa magharibi inateremka vilevile hadi Ziwa Tanganyika, kwenye vijiji vya Kirando, Wampembe na Kasanga. Atakayesimama ukingoni siku isiyo na ukungu ataona mabati ya nyumba za bondeni yaking'aa kama yako karibu ya kutupia jiwe, ilhali gari litazunguka kona baada ya kona kwa saa kadhaa, na wakati wa masika huenda lisifike. Mwandishi amepata kulala njiani mara mbili katika materemko hayo, akiwa na gari zima na dereva mwenye afya. Aliye na mgonjwa nyuma ya pikipiki hana hiari ya kulala.

Yale ambayo siku zote tumeyahesabu kuwa ni mkosi wetu ndiyo mtaji wetu katika jambo hili. Umbali mfupi wa angani na mrefu wa ardhini ndiyo hesabu inayoifanya droni iwe na faida. Fauka ya hayo, hewa ya uwandani ni nyepesi, na panga za ndege ndogo hulazimika kufanya kazi zaidi ili kuinua mzigo. Chombo kitakachothibitika hapa kitaaminika katika nyanda nyingine za juu za Afrika.

Tena kazi haiishii hospitalini. Mbuga za Rukwa ni miongoni mwa mazalia yanayojulikana ya nzige wekundu, wale waliozivamia nchi nyingi za Afrika kati ya mwaka 1930 na 1944. Ndiyo sababu shirika la kuwadhibiti lililoundwa mwaka 1949 liliwekwa Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, hapo tu ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Mwaka 2009 ilibidi helikopta zinyunyizie dawa ya ukungu unaoua nzige katika mbuga za Iku-Katavi, Ziwa Rukwa na Malagarasi. Helikopta ni ghali, na mbuga hizo hujaa maji yasiyopitika kwa gari. Kuwatafuta nzige wangali wachanga ni kazi iliyoumbwa kwa ajili ya ndege ndogo. Mashamba yetu ya mahindi nayo yanahitaji kupimwa.

Liko suala la sheria. Kanuni za mwaka 2018 zinamtaka mrushaji apate kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na ridhaa ya wizara yenye dhamana ya ulinzi. Hatuna ugomvi na hilo. Mkoa huu unapakana na Zambia, na ng'ambo ya ziwa iko Kongo. Lakini Malawi nao wana mipaka. Mwezi Juni 2017, wakishirikiana na UNICEF, walitenga anga ya Kasungu, yenye kipenyo cha kilomita 80 na kimo cha mita 400, iwe uwanja wa majaribio, na makampuni na vyuo vikaja. Mwezi Januari 2020 wakafungua chuo cha kufundisha kazi hiyo Lilongwe. Nasi tuziombe mamlaka zitukubalie njia tatu za angani zikaguliwe mara moja na kujulikana: Sumbawanga hadi Muze, Namanyere hadi Kirando, Matai hadi Kasanga.

Wanaosema kwamba vijana wetu hawataweza wawaulize Wazanzibari. Kuanzia mwaka 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walirusha droni ndogo na kupiga picha za ramani ya Unguja na Pemba. Kampuni itakayokuja Rukwa ipewe sharti la kufundisha mafundi kutoka VETA na kuwaajiri. Wafipa waliyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo kabla ya mkoloni kufika. Si watu wa kushikiliwa tochi na mgeni.

Jambo moja linahitaji hadhari. Watu hulifasiri jina la Sumbawanga kuwa ni amri ya kutupa uchawi, na wageni hawachoki kututania habari za kusafiri kwa ungo. Mzaha huo ni mzaha mjini tu. Kijijini, kitu kinachovuma juu ya paa usiku bila mtu ndani kinaweza kumponza bibi kizee asiye na hatia. Basi mikutano ya vijiji itangulie, na wananchi wakione chombo na kukishika kabla hakijaruka.

Halmashauri zetu zinapoandaa bajeti, idara za afya ziandike ni chupa ngapi za damu na chanjo kiasi gani zilishindwa kufika bondeni na ziwani msimu uliopita, na safari hizo ziligharimu mafuta kiasi gani. Takwimu hizo zipo katika madaftari ya vituo. Zikishakusanywa, ndizo zitakazowekwa mezani mbele ya kampuni yoyote, na fungu la kulipia safari za mwaka wa kwanza liwe limekwisha kutengwa.