Kufungua Si Kuendesha: Mwalimu na Mafaili ya Programu

Wapo walimu wanachuo wanaodhani kwamba kujifunza kompyuta ni kukariri hatua: bofya hapa, kisha pale, na kazi imekwisha. Sisi tunaona kuwa dhana hiyo inamdhuru mwalimu na wanafunzi wake. Tungependa kulionyesha jambo hilo kwa mfano mmoja mdogo, yaani namna ya kuendesha programu iliyofungashwa ndani ya faili moja.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tulipata kumwona mwanachuo mmoja aliyeandaa somo zuri la maumbo. Andalio lilikuwa kamili, na watoto walikwisha kukusanyika mbele ya kompyuta. Alipobofya faili la programu yake, badala ya maumbo ikatokea orodha ya majina asiyoyajua. Akabofya tena na tena. Mwishowe akawaambia watoto kwamba mashine ni mbovu, nao wakarudi madawatini. Kumbe mashine ilikuwa nzima: ilikuwa imelifungua faili, lakini haikuiendesha programu iliyomo.

Faili lile lilikuwa la aina iitwayo JAR. Aina hiyo hutumika kufungashia programu zilizoandikwa kwa Java, lugha iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1995. Ufungashaji wake unafuata utaratibu wa ZIP, uliobuniwa na Phil Katz wa kampuni ya PKWARE mwaka 1989. Kwa kuwa mabunda hayo mawili yamefungwa kwa namna moja, programu ya kufungulia mabunda ya ZIP huweza kulidaka faili la JAR na kulifumua kana kwamba ni lake. Ndiyo sababu mwenzetu aliona orodha.

Tufananishe na barua iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni. Kuifungua bahasha ni jambo moja. Kulitekeleza agizo lililomo ni jambo jingine, na kwa hilo anahitajika mkalimani. Java iliyowekwa ndani ya kompyuta ndiyo mkalimani huyo. Asipokuwapo, hata tubofye mara mia, agizo halitatekelezwa. Akiwa wa zamani na barua ikawa imeandikwa kwa Java mpya zaidi, pia atashindwa. Aidha, ndani ya bunda mna hati ndogo iitwayo MANIFEST.MF, ambayo jina lake ni lile la hati ya shehena inayochukuliwa melini. Hati hiyo humwambia mkalimani aanzie kipande kipi. Lipo bunda ambalo hati yake haitaji pa kuanzia. Hilo aghalabu ni ghala la vipande vinavyotumiwa na programu nyingine.

Mwalimu aelewaye hayo hatahangaika. Atabofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua lifunguliwe kwa Java. Au ataingia katika dirisha la amri, kwenye folda lilimo faili, na kuandika: java -jar maumbo.jar. Njia hii ya pili tunaipendelea kwa kufundishia, maana ikishindikana, mashine huandika sababu. Kosa lenye sababu ni zana ya kufundishia. Kosa lisilo na sababu huzaa woga tu.

Kwa bunda la kawaida la ZIP lenye programu ndani yake, mambo hugeuka. Hapo hatuna budi kutoa vitu vyote kwanza na kuviweka katika folda, ndipo tuendeshe programu. Anayeibofya ingali ndani ya bunda huenda akaitenga na mafaili yake ya picha na sauti, nayo ikakataa kufanya kazi. Tazama basi: hatua iliyofaa kwa ZIP inaharibu kwa JAR. Aliyekariri hatua atakwama, bali aliyeelewa sababu atachagua.

Liko pia suala la usalama. Kutazama orodha ya yaliyomo katika bunda hakuna hatari kubwa; lakini kuendesha programu ni kuikabidhi mamlaka yetu juu ya mashine, hata ya kufuta kazi za shule nzima. Windows kwa kawaida huficha herufi za mwisho za majina ya mafaili, hivyo faili liitwalo picha.jpg.exe huonekana kama picha.jpg. Yatupasa kuzifichua herufi hizo, na kuuliza faili limetoka kwa nani kabla ya kuliendesha.

Wengine watasema kwamba hii ni kazi ya fundi. Hatukubaliani nao. Fundi hayupo darasani saa mbili asubuhi watoto arobaini wanapongoja. Mwalimu hamwiti seremala kila chaki inapovunjika.

Tunapendekeza basi vyuo vyetu vifundishe jambo hili kwa vitendo. Wanachuo wapewe mafaili matatu, la picha, la ZIP na la JAR, wabashiri kitakachotokea kabla ya kubofya, kisha waeleze kilichotokea. Mkufunzi aiondoe Java kwa makusudi, waone kushindwa na kutafuta chanzo. Palipo na uhaba wa kompyuta, bahasha yenye maagizo kwa lugha wasiyoijua, hati ya kuonyesha pa kuanzia, na mwenzao mmoja awe mkalimani, vinatosha kwa somo la kwanza. Na kila anayekwenda kufundisha aijaribu programu yake siku moja kabla, katika mashine ileile itakayotumika.

Mtoto humtazama mwalimu wake anapokwama. Akimwona anailaumu mashine, atajifunza kulaumu. Akimwona anatafuta sababu, naye atajifunza kuitafuta. Hilo ndilo somo ambalo tungependa kila mwanachuo aende nalo shuleni.