Mtangazaji Aliyetuuliza Habari za Ungwana



Mwezi huu tumeombwa tuseme neno juu ya watangazaji wa michezo. Katika nyumba nyingi za hapa kwetu Ipuli watoto wanatangaza mpira uani kutwa nzima, wameshika gunzi la mahindi kama kipaza sauti, na mama zao wanauliza kama hiyo ni kazi au ni kelele tu. Ni kazi. Tumeona tumweleze mtu mmoja aliyeifanya kwa zaidi ya miaka hamsini, Mzee Leonard Mambo Mbotela wa Kenya, aliyefariki tarehe 7 Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 84.

Mzee huyu alizaliwa Mombasa mwaka 1940, katika jamii ya watu wa Freretown. Huenda jina hilo ni geni kwa baadhi yetu, lakini halipo mbali na habari za mji wetu. Freretown ni kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Wazee wa ukoo wa Mbotela walikuwa miongoni mwao, na mtu wa ukoo huo, James Mbotela, aliandika habari zao katika kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichochapwa mwaka 1934.

Sisi wa Tabora tunaijua njia ya misafara. Pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo vilipita hapa Unyanyembe kwenda Bagamoyo. Mwaka 1873 walipita pia wale walioubeba mwili wa Dk. Livingstone kuupeleka pwani. Mmoja wao, Matthew Wellington, alikuwa ametekwa utotoni akauzwa, kisha akaokolewa. Baadaye alikaa Freretown, akafariki Mombasa mwaka 1935, miaka mitano tu kabla ya mtangazaji wetu kuzaliwa. Kwa hiyo mtoto yule alilelewa kati ya watu ambao utumwa kwao haukuwa somo la darasani. Wazee wao waliuonja.

Mwaka 1964 Mbotela aliingia Sauti ya Kenya, redio ya taifa ambayo siku hizi inaitwa KBC. Huko ndiko alikojulikana kwa kutangaza mpira wa miguu.

Tusiidharau kazi hiyo. Redio haina picha, hivyo mtangazaji ni macho ya watu ambao hawapo uwanjani. Inambidi awatambue wachezaji 22 mara moja, tena wakiwa mbali na wamechafuka matope. Lazima aseme nani ana mpira, yuko upande gani wa uwanja, anaelekea goli lipi. Na kila baada ya muda mfupi anarudia matokeo na dakika zilizobaki, maana kuna mama aliyekuwa jikoni anasonga ugali na ndiyo kwanza anaingia sebuleni. Mtangazaji anayemsahau mama huyo, kwa maoni yetu, bado hajaiva. Hapa Tanzania tulikuwa na Charles Hilary, aliyeanzia Radio Tanzania Dar es Salaam, naye akatutoka Mei mwaka huohuo wa 2025. Na wenye mabinti wasimsahau marehemu Halima Mchuka, aliyetangaza mpira wa miguu wakati wengi waliamini kuwa ni kazi ya wanaume.

Sauti inayoaminiwa ina hatari yake. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, askari waasi wa Jeshi la Anga la Kenya walimfuata Mbotela nyumbani kwake Nairobi wakiwa na bunduki. Wakampeleka studio, wakamlazimisha atangaze kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Askari watiifu walipokirudisha kituo siku hiyohiyo, alitangaza tena, safari hii kwamba serikali ipo. Watu husimulia habari hii kama kisa cha ushujaa. Sisi wake na mama tunawaza kwanza mlango ukigongwa gizani, na jamaa za mtu waliobaki hawajui kama atarudi.

Lakini wengi Afrika Mashariki wanamkumbuka kwa kipindi kifupi alichokianzisha mwaka 1966, “Jee, Huu ni Ungwana?” Alieleza tabia fulani ya watu, halafu akawauliza wasikilizaji swali hilo. Alikiendesha kipindi hicho kwa miongo mingi.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Zamani mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, asiye mtumwa. Hata wapagazi wa pwani waliopita Tabora na misafara walijiita waungwana, ili wasihesabiwe pamoja na waliofungwa. Ungwana ulikuwa ukuta. Basi akatokea mjukuu wa watu waliowekwa nje ya ukuta huo, akashika kipaza sauti cha taifa, akawauliza matajiri na maskini, mabwana na mawaziri, kama matendo yao ni ya kiungwana. Wala hakuna aliyemwambia, “Wewe ni nani hata utuulize?” Kwa macho yetu hilo linapita magoli yote aliyoyatangaza.

Sasa tuchukue swali lake tuliingize jikoni. Katika baadhi ya nyumba yupo msichana wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini, pengine Sikonge au Urambo. Anaamka wa kwanza, analala wa mwisho. Chakula anakula baada ya wote, kilichobaki, tena amekaa kwenye kigoda peke yake. Mshahara wake anatumiwa shangazi, yeye haushiki. Jumapili familia nzima inakwenda kanisani na yeye anabaki kulinda nyumba na kuchambua maharage. Jina lake watoto hawalitaji, wanamwita “wewe.” Jee, akina mama, huu ni ungwana?

Tunajua wapo watakaosema kuwa msichana mwenyewe ni mvivu, au anavunja vyombo. Huenda ni kweli. Sahani iliyovunjika haibadili habari ya mshahara wake.

Katika kikao chetu kijacho cha akina mama tumekubaliana kuanza na jambo hili: msichana wa kazi apewe mshahara mkononi mwake, na awe na Jumapili ya kwenda ibadani kama sisi. Dada mmoja ameomba tuzungumze pia juu ya wageni wanaokaa miezi bila kuaga. Mwenye swali lake la ungwana aliandike kwenye karatasi, asitaje jina la jirani, atuletee mapema.