Ripoti za maji ya Uluguru zitoke kabatini

Mwaka 1964 idara ya jiolojia ya serikali ilichapisha kazi ya D. N. Sampson na A. E. Wright kuhusu miamba ya Milima ya Uluguru. Mpaka leo, anayetaka kuandika jambo la maana juu ya mawe ya Kinole, Matombo au Mgeta hawezi kuikwepa kazi hiyo. Tangu wakati huo washauri elekezi wa jiolojia na maji chini ya ardhi wameendelea kupita mkoani Morogoro na vipimo vyao, wakachagua mahali pa kuchimba, wakapampu visima kuona wingi wa maji, wakaandika ripoti na kulipwa. Kiasi kikubwa cha walichokiona hakimo katika jarida lolote la kisayansi, kwa sababu ripoti iliandikiwa msomaji mmoja tu, yaani mteja. Naamini hiyo ni hasara kwa nchi. Utafiti wa maji uliogharamiwa na umma unapaswa kuchapishwa mahali ambapo wataalamu wengine wataukagua, na mshauri alipwe kwa kazi hiyo ya kuuchapisha.

Kinole yenyewe inaonyesha kwa nini jambo hili lina uzito. Iko upande wa mashariki wa Uluguru, upande unaopokea pepo za Bahari ya Hindi, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000 katika sehemu nyingi za juu. Mtu akiona migomba, minanasi na mipilipili manga ilivyostawi, anaweza kudhani suala la maji limekwisha. Lakini mvua inaangukia milima ya miamba migumu ya kale, iliyopikwa na joto na mgandamizo kina kirefu ardhini mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Jiwe la namna hiyo halina vitundu vya kushika maji. Maji hukaa katika tabaka la juu lililolainika na kuoza, na katika nyufa zilizo chini yake. Ndiyo maana kisima kimoja hutoa maji mengi, na kingine kilichochimbwa hatua chache pembeni kikatoka kikavu. Chemchemi nazo, ambazo ndizo chanzo cha miradi mingi ya mserereko milimani, zinategemea nyufa na udongo huohuo.

Katika miamba ya aina hii kisima kimoja hakifundishi mengi. Ujuzi hupatikana kwa kuunganisha vingi: kina cha jiwe lililooza, mwelekeo wa nyufa, na jinsi maji yalivyoshuka pampu ilipowashwa na yalivyorudi ilipozimwa. Kisima kikavu kina thamani katika hesabu hiyo sawa na chenye maji, pengine zaidi, kwani kinaonyesha mahali ambapo kipimo cha juu ya ardhi kilidanganya. Kikifichwa, mshauri anayefuata atanunua somo lilelile kwa fedha za kijiji kingine. Jarida la kisayansi, tena, linadai kitu ambacho kamati ya maji ya kijiji haina njia ya kukidai. Wahakiki watauliza kwa nini ilitumika mbinu hii na siyo ile, tarakimu zenyewe ziko wapi, na kosa linaweza kuwa kubwa kiasi gani. Ripoti ya mteja huweza kupokelewa na kulipiwa bila hata mtu mmoja kuuliza maswali hayo.

Wala hatudai kwa washauri jambo geni katika taaluma yao. Kanuni inayoeleza mwendo wa maji ndani ya mchanga ilitoka kwa Henry Darcy, mhandisi aliyeupatia mji wa Dijon, Ufaransa, maji ya bomba. Aliichapisha mwaka 1856 ndani ya kitabu cha mradi uleule. Hesabu ya kupima kisima kwa kupampu ilichapishwa mwaka 1935 na C. V. Theis, aliyekuwa mtumishi wa idara ya jiolojia ya Marekani. Kila mshauri anayepampu kisima mkoani Morogoro anatumia urithi wa watu hao, au wa waliojenga juu ya kazi yao. Morogoro nayo ina mfano wake. Wataalamu wa Kiholanzi walipoendesha mradi wa visima vifupi mkoani hapa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ujuzi walioupata ulitolewa mwaka 1984 kama mwongozo wa visima vya kuchimba kwa mkono, na mchapishaji alikuwa Chuo cha Maji cha Rwegarulila, Dar es Salaam. Kwa hiyo fundi ambaye hajawahi kufika Morogoro aliweza kujifunza kwa udongo wa Morogoro.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Makutapora, karibu na Dodoma. Watumishi wa maji walipima kina cha maji katika visima vya bonde lile miaka nenda, miaka rudi. Mwaka 2013 Richard Taylor wa London pamoja na wenzake, wakiwamo Watanzania kama Lister Kongola, walichapisha katika jarida la Nature Climate Change rekodi ya miaka 55 ya vipimo hivyo. Ilionekana kwamba bonde halijazwi na mvua ya kawaida. Linajazwa na misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, kisha makao makuu ya nchi huishi kwa akiba hiyo. Tarakimu zilikuwapo siku zote. Kilichozipa nguvu ni uchambuzi uliowekwa wazi, ambao sasa unasomwa na kila anayefikiria maji ya nchi kame duniani. Uluguru, ambako Mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam unaanzia, inastahili rekodi kama hiyo.

Wapo watakaosema kwamba ripoti ni mali ya mteja. Kwa kiwanda au shamba la mtu binafsi nakubali. Lakini mteja anapokuwa serikali, au mfadhili aliyetoa msaada kwa jina la wananchi, siri hiyo inamlinda nani? Wengine watasema sheria imekwisha kulitatua, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 na kanuni zake zinawadai watafiti na wachimbaji leseni na taarifa. Taarifa zinazofika ofisini ni lazima ziwepo, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu haiwezi kufanya kazi bila hizo. Hata hivyo kuhifadhi tarakimu ni kazi moja, na kuzichambua mbele ya wenye ujuzi ni nyingine.

Pingamizi zito kuliko hayo ni muda na fedha. Mshauri hulipwa kwa siku za kazi, na makala ya jarida humla wiki nyingi bila malipo. Kumlaumu mtu huyo hakufai. Mkataba ndio uliomfunga. Dawa ni kuiweka makala katika hadidu za rejea, ikiwa na fungu lake la fedha, na kuwashirikisha wahadhiri na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine walio palepale Morogoro. Visima vya kata nzima au bonde dogo vikusanywe katika makala moja. Hapo hata lile dai kwamba kisima kimoja si sayansi mpya litakosa mashiko.

Na mkulima wa Kinole, ambaye hatasoma jarida la Kiingereza? Yeye anastahili muhtasari wa Kiswahili katika ofisi ya kijiji, wenye ramani ya chemchemi na visima, vikavu vikiwemo. Wizara ya Maji na RUWASA, wakala wa maji vijijini, ndizo zinazoandika mikataba hii. Mkataba ujao wa utafiti wa maji katika Uluguru uwe na vifungu hivyo viwili, na malipo ya mwisho yasitoke mpaka makala iwe imepelekwa jaridani na muhtasari umefika kijijini.