Hijabu Ndani ya Basi la Mandera

Mafundisho ya Kikristo kuhusu kutegemeana kwa wanadamu yana mizizi katika picha mbili za Biblia. Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliufananisha ushirika wa waumini na mwili ambao viungo vyake haviwezi kukanana. Yesu, alipoulizwa jirani ni nani, alisimulia habari za Msamaria aliyemhudumia mtu asiye wa jamii yake, aliyeachwa amejeruhiwa kando ya njia. Picha ya kwanza yaweza kuishia ndani ya kuta za kanisa. Ya pili haikubali kuta, na ndiyo inayoigusa Kaskazini Mashariki mwa Kenya, ambako Wakristo ni wachache, wengi wao walimu, wauguzi na askari waliotoka kaunti nyingine.

Uchache huo umewagharimu. Novemba 2014, karibu na Mandera, abiria 28 wa basi wasio Waislamu walitenganishwa na wenzao Waislamu, wakauawa. Tarehe 2 Aprili 2015 wapiganaji wa Al-Shabaab waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, nako pia Wakristo walisakwa.

Tarehe 21 Desemba 2015 kutengwa huko kulikataliwa. Basi la kwenda Mandera lilipovamiwa karibu na El Wak, abiria Waislamu waligoma kugawanywa, na wanawake wakawavisha Wakristo hijabu zao. Salah Farah, mwalimu Mwislamu, alipigwa risasi; alifariki Januari 2016. Mahubiri mengi humweka Mkristo katika nafasi ya Msamaria. Katika basi lile Mkristo alikuwa yule aliyelala kando ya njia, na hapo ndipo fundisho linapouma. Anayetoa msaada anaweza kubaki na kiburi chake. Aliyepewa uhai na mtu wa dini nyingine hawezi tena kudai kwamba anajitosheleza, yeye wala kanisa lake.

Kudai kujitosheleza ndiko ubinafsi, lakini usitafutwe mahali pasipo pake. Baada ya mauaji ya 2014 walimu wengi walikataa kurudi, na mwaka 2020, walimu watatu walipouawa Kamuthe, Tume ya Huduma kwa Walimu iliwahamisha wengi wasio wenyeji. Kuwaita wabinafsi ni dhuluma: imani haimdai mtu maisha yake ili kuziba pengo la ulinzi ambao serikali haikuutoa. Ubinafsi uko kwa Mkenya wa mbali anayeona darasa lisilo na mwalimu Garissa kuwa shida ya Wasomali wa huko tu.

Utaifa nao hujaribiwa Dadaab, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1991. Mei 2016 serikali ilitangaza kwamba ingeifunga, kwa hoja ya usalama. Februari 2017 Mahakama Kuu ikauzuia uamuzi huo. Hoja ya usalama haikuwa ya kupuuzwa, wala Ukristo haukatazi kuipenda nchi. Unachokataa ni uraia kufanywa kipimo cha thamani ya mtu, jambo ambalo Papa Francis alilieleza kwa mapana katika waraka wake Fratelli Tutti wa mwaka 2020, akimtumia Msamaria yuleyule. Na uraia wenyewe si ngao ya kutosha: waliouawa na vikosi vya usalama Wagalla, Wajir, Februari 1984, walikuwa Wakenya.

Aliyesaidia kuzika maiti za Wagalla na kupeleka habari zake nje alikuwa Annalena Tonelli, Mkatoliki kutoka Italia. Hakuwa Mkenya, na waliouawa hawakuwa wa dini yake. Alifukuzwa nchini, akaendelea kuwatibu Wasomali ng'ambo ya mpaka hadi alipouawa Borama mwaka 2003. Kazi yake kubwa Wajir ilikuwa kifua kikuu, ugonjwa unaosafiri kwa pumzi. Wafugaji wanaohamahama walikuwa wakiacha dawa njiani, hivyo kuanzia mwaka 1976 wagonjwa walikaa katika manyatta kando ya kituo, ndani ya nyumba za kihamaji walizozizoea, wakimeza kila dozi mbele ya mhudumu kwa miezi hadi wapone. Mbinu hiyo ni miongoni mwa zilizotangulia utaratibu wa kumeza dawa chini ya usimamizi ambao Shirika la Afya Duniani lilikuja kuueneza ulimwenguni.