WAKRISTO WANAOITETEA PALESTINA: TUWAPE HAKI YAO, KISHA TUJIULIZE SISI

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.



Ndugu yangu katika imani, nimeletewa swali na vijana wa Mabamba, kule Kibondo mpakani na Burundi. Wanasema wapo jirani zao Wakristo wanaotaka kuchanga pamoja nao kwa ajili ya watu wa Gaza. Baadhi ya Waislamu wamekataa. Hoja yao: "Palestina ni jambo letu. Hawa si ndio wanaotundika bendera ya Israel makanisani?" Na ikafuata mizaha na matusi kwenye grupu, kama mnavyojua magrupu yetu.

Nitajibu kwa kirefu kidogo. Nakuomba usome mpaka mwisho ndipo uandike maoni yako.

KWANZA: MAJERUHI WA PALESTINA SI WAISLAMU PEKE YAO

Wakristo wa Palestina ni wenyeji wa ardhi ile. Wanazungumza Kiarabu, na wakiomba wanataja jina "Allah" kama unavyolitaja wewe. Mwaka 1948 Wapalestina zaidi ya 700,000 walipopoteza makazi yao, walikuwemo Waislamu na Wakristo. Anayefukuza watu haanzi kwa kuuliza nani anaswali Ijumaa na nani anakwenda kanisani Jumapili.

Tarehe 19 Oktoba 2023 kombora lilipiga eneo la kanisa la Mtakatifu Porphyrius, moja ya makanisa ya kale kabisa mjini Gaza, likaua watu waliokuwa wamejihifadhi humo. Tarehe 13 Aprili 2025, siku ya Jumapili ya Matawi kwa Wakristo, hospitali ya al-Ahli ikapigwa. Hospitali ile ni ya Waanglikana. Nyinyi wa Kasulu na Kibondo mnawajua Waanglikana, ni jirani zenu tangu enzi za babu zenu. Basi wenzao kule Gaza ndio waliokuwa wakimtibu mama wa Kiislamu na mtoto wake.

Ukisema "Palestina ni jambo letu peke yetu", unawafuta watu hawa, na wanakufa kama wanavyokufa ndugu zako.

PILI: WAPO WALIOSEMA, NA WALISEMA WAZI

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwezi Desemba 2009 viongozi wa Kikristo wa Palestina walitoa waraka unaoitwa Kairos Palestine. Walisema kwamba kuikalia ardhi ya watu kwa mabavu ni dhambi, na kwamba Mkristo yeyote anayetumia kitabu chake kuhalalisha dhulma hiyo amepotoka. Hiyo ni kauli ya Wakristo wakiwaambia Wakristo wenzao.

Desemba 2023 mji wa Bethlehem, alikozaliwa Nabii Issa (alayhis salaam) kwa mujibu wao, ulifuta shamrashamra za Krismasi. Mchungaji Munther Isaac wa kanisa la Kilutheri mjini hapo akaweka sanamu ya mtoto juu ya kifusi, mtoto amefungwa kitambaa cha Kipalestina. Sisi hatuna sanamu katika dini yetu, na hilo halibadiliki. Lakini ujumbe wake ulifika kwenye makanisa ya Ulaya na Marekani ambako sauti ya sheikh haifiki. Na Papa Francis, mpaka karibu na kifo chake Aprili 2025, alikuwa akiipigia simu parokia ya Gaza karibu kila jioni kuwajulia hali watu wake.

Sasa njoo nyumbani. Mwaka 1973 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Israel. Rais alikuwa nani? Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki aliyekuwa akienda kanisani. Wapalestina wakapata ofisi yao Dar es Salaam kama walivyopata wapigania uhuru wa Msumbiji na Afrika Kusini.

Mwaka 1977 Walutheri wa dunia nzima walikutana Dar es Salaam. Katika mkutano ule walitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la imani yenyewe, si siasa tu. Wakamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wao, Mwafrika wa kwanza. Miaka ilipopita, mwaka 2010, kiti hicho hicho akakikalia Mpalestina, Askofu Munib Younan wa Jerusalem. Fungamano lao hilo ndilo linaloendesha hospitali ya Augusta Victoria kule Jerusalem, wanakotibiwa wagonjwa wa saratani wa Kipalestina. Na ndilo lililoanzisha TCRS mwaka 1964, shirika ambalo watu wa mkoa wa Kigoma wanalijua kwa kuhudumia wakimbizi.

Kwa hiyo jirani yako wa Mabamba anapokuja na mchango wake, hakuanza leo. Ana waliomtangulia katika njia hiyo, na baadhi yao ni Watanzania wenzako.

Ni kweli wapo wahubiri wanaopeperusha bendera ya Israel na kusema kuiunga mkono serikali ile ni amri ya Mungu. Hilo silifichi. Lakini dawa ya hao si kumtukana Mkristo aliyewakataa. Mwite, mshukuru, umwambie azungumze nao, maana yeye watamsikiliza kuliko mimi na wewe.

TATU: DINI YETU INASEMAJE?

Katika Suratul Maaida aya ya 8, Allah Subhaanahu Wata'ala anatukataza chuki yetu kwa watu isitupeleke tukaacha uadilifu. Katika Suratul Mumtahina aya ya 8, hakutukataza kuwatendea wema na uadilifu wale ambao hawakutupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Katika Aal Imraan aya ya 113 tunafundishwa kwamba Ahlul Kitaab hawako sawa wote. Sasa wewe umepata wapi ruhusa ya kuwafunga wote fungu moja?

Mtume (Swalla Allaahu alayhi wasallam) kabla ya kupewa utume alishiriki Hilful Fudhuul, mapatano ya Makuraishi ya kumsaidia aliyedhulumiwa. Waliokuwa pale walikuwa washirikina. Baada ya utume akasema kwamba lau angeitwa tena kwenye mapatano kama yale, angeitika.

Na Waislamu wa mwanzo walipozidiwa na mateso Makka, walikimbilia wapi? Habasha, upande wetu huu wa Afrika, kwa mfalme Mkristo. Makuraishi wakatuma watu wenye zawadi ili wakimbizi warudishwe. Najashi akakataa, na wakati huo alikuwa bado hajasilimu.

Watu wa Mabamba, kisa hiki nyinyi mnakielewa kuliko wengi. Mmewaona watu wakivuka mpaka na magodoro kichwani mwaka 1993, mkawaona tena mwaka 2015. Waliofika na njaa mliwagawia maji na ugali wa muhogo kwanza. Swali la dini lilikuja baadaye, au halikuja kabisa.

NNE: HAPA NDIPO PENYE MTIHANI

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu sehemu hii wengine hawataipenda.

Tarehe 17 Julai 2025 kanisa la Familia Takatifu mjini Gaza lilipigwa na jeshi la Israel, watu watatu wakafa. Tulisambaza picha, tukalaani, na tulikuwa sahihi. Siku kumi baadaye, tarehe 27 Julai, wauaji wa ADF waliingia katika kanisa la Komanda, Ituri, Kongo, watu wakiwa kwenye ibada, wakaua zaidi ya 30. Wauaji hawa wanajinasibisha na Uislamu.

Nakuuliza: picha za Komanda ulizisambaza? Ulilaani kwa sauti ile ile? Kongo si mbali. Kambi ya Nyarugusu iko hapo Kasulu, imejaa watu waliozikimbia vita hizo.

Katika Suratul Hajj aya ya 40 Allah ametaja mahekalu na makanisa pamoja na misikiti kuwa ni mahali ambapo huzuia yasibomolewe kwa kuwaondoshea watu shari ya wengine. Anayechinja watu ndani ya kanisa huku akitoa takbiri, ameichukua dini yako akaipaka damu. Ukimnyamazia, Mkristo wa Kibondo atakuwa na haki ya kukuuliza: "Unataka nilie na wewe kwa ajili ya Gaza, mbona hukulia na mimi kwa ajili ya Komanda?" Utamjibu nini?

Haki ikichagua majeruhi wake, si haki tena, ni ushabiki. Na kwa msingi huo huo, wale vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kujifunza kilimo wakauawa kufuatia shambulio la tarehe 7 Oktoba 2023, wazazi wao wanastahili pole yetu bila ya "lakini" yoyote. Na tusiwachukie Mayahudi kwa kuwa ni Mayahudi. Wapo miongoni mwao wanaoandamana kupinga vita hii kuliko baadhi ya watawala wa nchi za Kiislamu.

TANO: SASA MFANYE NINI?

Jibu langu kwa vijana wa Mabamba ni hili. Changeni pamoja nao. Kumsaidia mwenye njaa na majeruhi ni katika wema ambao tumeamrishwa kusaidiana. Ibada hazichanganywi: wao wana sala yao, nasi tuna swala yetu, na hakuna anayewaomba mwache akida yenu. Fedha ziandikwe kwenye daftari, washike watu wawili, mmoja Muislamu na mmoja Mkristo, na mzipitishe kwenye taasisi inayotambulika inayotoa risiti. Zaka ina watu wake na masharti yake, msiichanganye na mchango huu, toeni sadaka.

Aliyetukana kwenye grupu aombe radhi humo humo alimotukania. Na siku jirani zenu watakapofikwa na msiba kama wa Komanda, muwe wa kwanza kubisha hodi kwao.

Ewe Mola wetu, wanusuru waliodhulumiwa Palestina, Kongo, Sudan na kila mahali. Watulize wakimbizi na uwarudishe makwao kwa amani. Tujaalie tuwe waadilifu hata kwa tusiowapenda, na utuepushe na ndimi zinazotutangulia Motoni. Aamiin.

Wabillaahi tawfiiq. Mfikishie mwenzako, hasa yule wa kwenye grupu.