Chupa Imepona, Mtoto Kaungua

Ndugu msomaji, naanza na aibu yangu mwenyewe, usije ukasema nimekaa pembeni nawasema wenzangu.

Jioni moja, nyumbani kwetu hapa Chamwino, mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka 7, alitumwa alete chupa ya chai kutoka jikoni. Akajikwaa kizingitini. Chupa ikaanguka, kizibo kikachomoka, chai ya moto ikammwagikia mguuni. Nikatoka mbio. Unajua nilikimbilia nini? Chupa! Niliiokota, nikaiweka sikioni, nikaitikisa nisikie kama kioo cha ndani kimegeuka vigae. Jirani yetu, mama wa watu, ndiye aliyemshika mtoto na kummiminia maji ya baridi mguuni. Naye mtoto, machozi yakimtiririka, hakumtazama jirani. Alinitazama mimi, akasema: "Shangazi, haijavunjika."

Hakusema ameungua. Alikuwa anajitetea.

Mguu ulipona baada ya wiki kadhaa. Maneno yale hayajapona. Mtoto wa miaka 7 alikwisha jua kwamba katika nyumba yetu kitu hutangulia, mtu hufuata. Nani alimfundisha? Mimi. Nami nani alinifundisha? Hapo ndipo ninapotaka tugombane kidogo, vijana wenzangu.

Hebu ingia nyumba ya mtu yeyote mwenye kimshahara chake, iwe hapa Chamwino, iwe Dodoma mjini, iwe Dar es Salaam. Makochi bado yamevaa nailoni yaliyotoka nayo dukani. Ukikaa wakati wa joto inakung'ang'ania, ukiinuka inalia kama inabanduliwa ngozi. Rimoti imefungwa ndani ya plastiki, namba hazionekani, unabonyeza kwa kubahatisha. Kabatini zimepangwa glasi za wageni, na ufunguo anao mama. Wenye nyumba wanakunywa maji kwa vikombe vya plastiki vilivyopauka. Mgeni mwenyewe anayewekewa glasi anakuja mara mbili kwa mwaka, na akija anaomba soda yake, anakunywa kwenye chupa! Tarehe 1 Juni 2019 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki nchi nzima. Nailoni ya kochi ikasalimika. Laiti wangeanzia sebuleni kwetu.

Na sisi vijana tusijifanye wajanja. Simu ina kioo juu ya kioo na kava juu ya kava, na bado rafiki akiomba aitazame picha moja, moyo unapiga kama ngoma. Mkono tunaumpa, macho hatumwondolei. Huo ndio urafiki?

Sitaki kuwakejeli wazazi wetu, la hasha. Woga huu una historia. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na bei ya mafuta ikiwa imepanda, nchi iliishiwa fedha za kigeni. Sabuni, sukari na khanga vikawa vitu vya kupangia foleni. Mwaka 1983 ukaja msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Siku zile mwenye sahani nzuri hakuwa na hakika ya kupata nyingine hata kama pesa anayo mfukoni. Kikombe kikivunjika, basi tena. Mama aliyeficha glasi kabatini hakuwa mchoyo; alikuwa na akili.

Lakini mwaka 1984 milango ya bidhaa kutoka nje ilianza kufunguliwa. Akaja Mzee Mwinyi, aliyeongoza kuanzia 1985 hadi 1995, watu wakamwita Mzee Ruksa. Maduka yakajaa. Glasi zikauzwa hadi chini barabarani. Woga peke yake haukusikia tangazo, ukabaki umejifungia kabatini na ufunguo wake. Mimi sikuzaliwa wakati wa foleni. Nimerithi woga bila kurithi sababu yake, kama mtu anayeendelea kulipa deni lililokwisha futwa.

Hapa Chamwino ndiyo kabisa. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa dhati, na Ikulu mpya kuzinduliwa hapa tarehe 20 Mei 2023, nyumba za vigae zimeongezeka na makochi yake. Sasa vumbi la Dodoma unalijua, halina adabu kwa kochi la mtu. Unafuta asubuhi, mchana unaandika jina lako kwa kidole. Nawajua watu wasiofungua madirisha mchana kutwa. Wamenunua nyumba yenye madirisha makubwa, wanaishi ndani kama wako stoo.

Najua jibu lenu. Mtasema: "We dada, unasema hivyo kwa kuwa unacho. Maskini asipotunza kitu chake atapata wapi kingine?" Swali zuri, tena la haki. Mtu aliyejinyima miezi sita ili anunue simu ana kila sababu ya kuiangalia. Lakini tutenganishe mambo mawili yanayojificha kwenye nguo moja. Kutunza ni kuupaka mafuta mnyororo wa baiskeli. Kuogopa ni kuitundika baiskeli ukutani, halafu kutembea kwa miguu hadi Buigiri. Anayetunza anatumia. Anayeogopa analinda, na mlinzi, bwana, si mwenye mali. Ni mtumishi wa mali.

Bibi yangu aliishi kwenye tembe, nyumba yetu ya Kigogo yenye paa la udongo. Alikuwa na vitu vichache kuliko mtu yeyote ninayemjua leo, na sikumwona hata siku moja akihangaika juu ya kitu. Kwa nini? Kwa sababu alijua kukirudisha. Kabla ya mvua paa lilikandikwa upya. Kibuyu kikipata ufa alikishona kwa uzi, kikaendelea kushika uji, na ule mshono haukumtia aibu mbele ya mgeni. Tazameni hata ngoma za muheme wanazopiga mama zetu. Ngoma haivikwi nailoni. Inapigwa, na ngozi ikichoka inawambwa nyingine. Ingeogopwa isipasuke, tusingekuwa na muheme.

Hapo ndipo nimefika kwenye shina la jambo. Tunaviogopa vitu vyetu kwa kuwa hatujui kilichomo ndani yake. Kitu usichoweza kukifungua kinakutawala. Chukua ile chupa ya chai niliyoikimbilia. Asili yake ni maabara ya James Dewar, mwanasayansi wa Uingereza, mwaka 1892: kuta mbili za kioo, katikati hewa imenyonywa ili joto lisipite. Kioo ni chembamba, kwa hiyo siku moja kitavunjika tu, ndivyo kilivyo. Nilipokwenda sokoni kuuliza, nikaambiwa kioo kinauzwa peke yake. Unafungua kitako, unatoa cha zamani, unaweka kipya. Kazi ya dakika chache! Kwa ajili ya kazi ya dakika chache nilimwacha mtoto anaungua.

Nimefanya nini basi? Nimevua nailoni. Mama alinung'unika siku mbili, siku ya tatu akasinzia kwenye kochi kwa mara ya kwanza tangu linunuliwe. Glasi zimeshuka, tunazinywea sisi. Nimenunua bisibisi, nimeifungua redio iliyokufa, nikashindwa, nikampelekea fundi, nikakaa pale nikimtazama mpaka akamaliza. Kila mwezi naweka pembeni kitu kidogo cha matengenezo, ili kikivunjika kitu nitoe pesa, nisitoe makofi.

Sidai kwamba nimepona. Mwezi uliopita mtoto aliangusha glasi. Moyo uliruka vilevile, na mkono ukaanza kunyanyuka. Ila safari hii ulimi uliwahi: "Umejikata?" Akasimama akinishangaa, miguu pekupeku katikati ya vigae, kama haamini kwamba ameulizwa yeye.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Vijana wenzangu, leo jioni mkifika nyumbani, mwombeni mama ufunguo wa kabati. Na siku kitu kitakapoanguka, maana kitaanguka tu, mtazameni kwanza aliyekuwa amekishika.